Moduli ya Bure kwenye Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mimi na bahati tulizaliwa siku moja. Watu mia wamepita leo kwa muuza vyuma chakavu, wote vipofu! Mimi nikainama tu kufunga kamba ya kiatu, hiyo hapo: moduli ya umeme ya kuwashia gari, mpya, ndani ya boksi lake. Ukiiweka hii kwenye distributa, kile kigawa umeme wa plagi, unatupa platini, vile vidude vya kugusana na kuachana ili cheche itoke, na gari linawaka kwa kuguswa tu.

Tena gari lipo. La kijani, la marehemu baba mkwe, limelala uani miaka mitatu. Mama mkwe ametangaza kwamba Jumamosi anakwenda kumwona dada yake mgonjwa, na atakayemfikisha kwa gari hilo, funguo ni zake. Tunaogombea ni wawili. Mimi, na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa kusugua platini kwa msasa kama anapiga mswaki. Nimemwambia ajiandae kunipungia mkono.

Platini nimeitupa jalalani. Takataka!

Jumanne, 5 Machi

Waya mbili. Nyekundu kwenye koili, nyeusi kwenye bodi. Nani asiyejua? Shemeji akauliza kama nimeangalia betri imefungwaje. Nikamwambia betri ni betri, si mchumba hata niichunguze ukoo. Nikawasha swichi.

Moshi! Mwembamba, mweupe, wa kistaarabu.

Shemeji anasema eti gari la zamani hili, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo waya zangu zote mbili zimeingia kinyume. Nikamjibu nilikuwa nakausha unyevu.

Mke wangu kauliza moduli ngapi bado ziko hai. Nimesema za kutosha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata moduli ya pili. Si nilisema bahati? Safari hii nimegeuza betri yenyewe, hasi ikaenda kwenye bodi. Likawaka! Linanguruma taratibu kama cherehani. Redio ya marehemu ikatoa moshi, lakini nani anasikiliza redio?

Mama mkwe akatoka jikoni na mikono ya unga. Akaweka kiganja juu ya boneti, kama anapapasa kichwa cha mtoto. Machozi yalinitoka. Moshi wa redio ule.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi injini ilizimika yenyewe. Swichi ikabaki imewashwa, mimi nikaenda kuita majirani waje kushuhudia. Nyumba kumi na moja, kila nyumba na hotuba yake. Kurudi, moduli ina moto kama pasi. Imekufa. Shemeji anasema swichi ikiwa imewashwa na injini haizunguki, umeme unaichoma tu.

Watu kumi na saba wamekuja kutazama mwanamume akifungua boneti. Mmoja alibeba kiti.

Jumamosi, 9 Machi

Saa mbili asubuhi mama mkwe ameshaketi mbele, kwenye kiti chake cha siku zote, mkoba mapajani. Akaniita mwanangu, akauliza amwambie dada yake amsubiri au asimsubiri.

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikasema haliwaki, na kosa ni langu. Nikaenda jalalani kupekua platini, nimezama hadi magotini. Haipo!

Shemeji akaja kwa mwendo wa mtu aliye likizo, akafunua kitambaa. Platini. Aliiokota Jumatatu ileile. Akarudisha betri ilivyokuwa, akaifunga platini, mwanya wa katikati yake akaupima kwa kipande cha boksi la moduli yangu. Boksi langu! Mimi nikasukuma kwa nyuma. Likawaka.

Aliyepungiwa mkono ni mimi. Funguo ni za shemeji.

Jumapili, 10 Machi

Nimepita kwa muuza vyuma. Ana kabureta ya lori. Ameapa kwamba haiingii kwenye gari dogo. Nimeibeba. Shemeji akilala tu mchana, naifunga. Atakoma!

Na ile habari ya Jumatatu ni uongo. Sikuona kitu chini. Yule mzee wa vyuma aliniambia mara tatu moduli zile haziendani na gari letu, nikang'ang'ania hadi akanipa moja, na baadaye nyingine, bure, ili nimwondokee.

Viatu vya kamba sina. Navaa kandambili.