Sikufika Sitini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimepigwa tochi! Mimi, Verlin Stroud! Kibao kinasema maili arobaini na tano, trafiki Pruitt anasema sitini na moja. Nikamwambia gari hili likifika sitini linatetemeka kama lina homa. Akaandika tu, huku akimsimulia mwenzake kwamba msimu wa kuvua samaki milimani unafunguliwa mwisho wa Aprili, na yeye hakosi kamwe.

Balaa! Nyumba ya wazee hapa Bakersfield inatafuta dereva wa basi lao dogo. Mwenye pointi ya kosa kwenye leseni hatakiwi. Na anayeinyemelea kazi hiyo ni nani? Dwight, kaka wa mke wangu!

Jumanne, 5 Machi
Lorna, mke wangu, anasema nikubali kosa, nikae darasa la madereva Jumamosi moja, pointi ifichwe waajiri wasiione, yaishe. Dwight, aliyekuja kula burito zetu bila kualikwa, anasema nipinge mahakamani. "Shemeji, mwanaume hakubali kuonewa!"

Nikashtuka. Dwight kuniunga mkono? Kisha nikang'amua: anataka nishindwe. Basi nitapinga, nishinde, nimkomoe! Lorna akasema hicho ndicho hasa Dwight alichoomba. Wanawake hawaelewi mikakati.

Trafiki asipotokea mahakamani, kesi hufutwa. Nimemwomba karani wa mahakama anipangie kesi Ijumaa, mkesha wa kufunguliwa uvuvi. Amekubali bila swali. Akili nyingi!

Ijumaa, 26 Aprili
Pruitt amekuja!

Kofia ya kuvulia kaiweka mapajani, shingo imeiva kwa hasira. Akaniinamia: "Wenzangu wameondoka alfajiri, bwana. Na chambo changu."

Hakimu, Bi Okerlund, akaniuliza nina utetezi gani. Nikajibu kwa fahari kwamba haiwezekani kuwa nilikwenda sitini na moja, kwa sababu nilikuwa nautazama mshale wa spidi muda wote. "Hamsini na nane, Mheshimiwa! Haukuzidi hata nukta!"

Hakimu akavua miwani. Akaniuliza kama nimejisikia nilichosema. Pruitt alicheka mpaka nadhani amewasamehe samaki wote. Lorna kajifunika uso kwa mkoba.

Nikaomba darasa, machozi yakinilenga. Hakimu akasema hilo ningelipata tangu Machi bila kumharibia mtu safari. Akanitia hatiani kwa mwendo kasi, lakini darasa akanipa. Mungu ambariki.

Jumamosi, 11 Mei
Darasa kutwa nzima. Filamu za ajali. Magari yamekunjwa kama chapati za tortila! Mwalimu, Bi Fontaine, akatuonyesha mahali mtoto alipokuwa akivuka, na mahali gari liliposimama. Mbali kabisa, mbele yake. Dereva alikuwa hamsini na nane. Nilitoka nje kunywa maji. Kumbe ningeua mtu!

Nimeapa. Cheti ninacho, pointi imefichwa. Usaili wa kazi ni Jumatatu. Naelekea nyumbani.

Jumapili, 12 Mei
Siamini hata sasa.

Jana barabara kuu niliendesha kistaarabu: maili ishirini na tano, mikono yote kwenye usukani. Nyuma honi zinalia. Nikadhani wananipongeza, nikapunga mkono. Kisha king'ora. Pruitt! Ameniandikia kwa kuzuia magari. Faini kwa kwenda polepole! Dunia imefika wapi?

Nikatazama nyuma. Foleni hadi upeo wa macho, na la kwanza ni basi dogo la nyumba ya wazee, limechelewa mchezo wa bingo. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alitoa kichwa dirishani akanitusi tusi ambalo hata Dwight halijui. Meneja wao, aliyekuwa akiendesha, akaniuliza jina. Nikamtajia! Asubuhi hii kapiga simu: nisijisumbue kuja kesho, kazi kapewa Dwight.

Lorna anasema nilipe ninyamaze, darasa halitolewi mara mbili upesi hivi. Ninyamaze? Safari hii siwezi kushindwa. Ushahidi ninao, tena una muhuri wa mahakama: hukumu ya Bi Okerlund kwamba mimi hukimbiza gari. Mtu wa namna hiyo atakwendaje polepole?

Napinga!