Maiki Iliyoketishwa Mahali pa Heshima

Magari matatu yalikuwa yameshavuka daraja, taa zikiwaka mchana kweupe, Mwenyekiti alipokumbuka kwamba maiki zimebaki ofisini. Tukarudi kuzichukua. Lakini ieleweke kwamba tulikuwa tumeondoka rasmi, saa tatu kamili, na ndivyo nilivyoandika kwenye kumbukumbu.

Huo ulikuwa msafara wa kihistoria wa Tume ya Mkoa ya Uteuzi wa Maiki ya Kurekodia Muziki Nyumbani. Wajumbe saba, muhuri mmoja. Mimi nilikuwa katibu. Nimechunga kondoo, nimeendesha lori hadi mpaka wa China, nimeuza kofia sokoni mjini Osh, na shule nimesoma vipande vipande, kila theluji iliponikwamisha karibu na mwalimu. Ukatibu walinipa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Wizara ilikuwa imetuma maiki tatu za kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Tulitakiwa kumchagulia moja Burulcha Apa (Apa kwetu ni kama Bibi), kikongwe wa miaka sabini na nane anayepiga komuz, kinanda chetu cha nyuzi tatu. Mbili zirudi wizarani. Apa alikuwa na nyimbo kumi na nne alizorithi kwa mama yake, na hakuna mwingine duniani anayezijua. Vidole vyake vilikuwa vinaanza kujikunja. Daktari alimwambia vitakubali mpaka theluji ya kwanza, basi. Tulifika kwake katikati ya Septemba.

Mkwe wake Nurzat, mwalimu wa muziki, alizitazama maiki mara moja tu.

"Hii ndogo," alisema. "Ukiisogeza karibu na komuz, haitasikia jiko wala mbuzi."

Mwenyekiti, Esengul Sadyrovich, aliipima kiganjani. "Binti, mbona nyepesi?"

"Kwani tunaipika? Uzito wa nini?"

"Uzito wa serikali! Nipigwe picha nimeshika kitunguu?"

Tume ikapiga kura. Maiki kubwa nyeusi ikashinda kwa hoja ya kilo moja na robo.

"Haya," Nurzat akasema, "lakini hiyo ina uso na kisogo. Inasikia upande wenye nembo tu. Igeuzieni kwa Apa."

Hapo pakazuka suala zito la itifaki. Maiki imetoka wizarani, kwa hiyo ni mgeni. Mgeni hukaa mahali pa heshima, mbali na mlango, juu ya magodoro yaliyopangwa. Mwenye nyumba hukaa karibu na mlango, amimine chai. Na mgeni mwenye adabu hawezi kumpa mgongo Mwenyekiti wa Tume. Baada ya dakika arobaini tulipitisha azimio: maiki iketi juu ya magodoro matano, uso kwa Esengul Sadyrovich.

Burulcha Apa akaketi mlangoni na komuz yake. "Wanangu," akasema, "kitu hiki kimenipa kisogo."

"Hapana, Apa," Mwenyekiti akamtuliza. "Kinaheshimu wakubwa."

"Hata mbuzi wangu hugeuka akiitwa."

Kwa kuwa mgeni hupewa kichwa cha kondoo, kichwa kiliwekwa mbele ya maiki. Mwenyekiti alijitolea kukila kwa niaba yake. Masikio, kwa desturi yetu, hukatiwa wadogo ili wawe wasikivu. Esengul Sadyrovich aliyala yote mawili.

Mimi nilibonyeza kitufe na kuvaa vipokea sauti. Apa alipiga nyimbo zote kumi na nne, akipumzisha vidole kwenye bakuli la chai ya moto. Nilisikia vizuri sana. Kwenye daftari niliandika: Sauti safi.

Nilichosikia ni Mwenyekiti akimnong'oneza msaidizi wake Mambetkul huku akitafuna.

"Hizo mbili andika zimevunjika njiani. Ndogo nampa mkwe wangu, anaimba harusini."

"Wizara wakiuliza, baike?" Mambetkul akauliza, kwa neno letu la kumwita kaka mkubwa.

"Wale? Hawasikii hata ukiwapigia tarumbeta! Waziri mwenyewe analala kikao kizima, mdomo wazi kama lango la zizi."

"Kweli kabisa, baike."

Kanuni ya tisa inasema rekodi itumwe wizarani siku hiyohiyo, bila kukatwa, pamoja na sahihi ya Mwenyekiti kwamba ameisikiliza yote. Nilimpelekea vipokea sauti.

"Nisikilize tena cha nini? Si nilikuwepo?" akasema, akatia sahihi. Nikagonga muhuri.

Wiki mbili baadaye rekodi yetu ilifunguliwa katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu, Bishkek, mbele ya Waziri. Esengul Sadyrovich alikaa safu ya kwanza na kofia mpya. Dakika nne za mwanzo zilikuwa za kutafuna. Ukumbi ulisikiliza kwa adabu, na bwana mmoja wa gazeti akaandika kitu. Kisha ukaja ule mnong'ono, kila neno mahali pake. Nyuma yake, mbali kama mbu wa nyumba ya jirani, komuz ilikuwa inalia.

Waziri bado ni waziri. Siku hizi hukaa vikaoni amefunga mdomo.

Esengul Sadyrovich anasimamia kituo cha kupimia theluji kule juu kwenye njia ya mlimani. Hupima mara tatu kwa siku, peke yake. Mambetkul alieleza kwamba alikuwa anaitikia kwa heshima tu, na sasa ndiye Mwenyekiti. Maiki mbili zilizovunjika njiani zilionekana kabatini, zimepona. Ile kubwa inazuia mlango wa ofisi usijifunge.

Mimi niliulizwa kwa nini nilinyamaza. Nilijibu kwamba kanuni haimpi katibu haki ya maoni. Nikapewa barua ya pongezi kwa ubora wa sauti, nikarudi kwenye lori.

Maiki ndogo alipelekewa Burulcha Apa. Alianza upya kando ya jiko, na theluji ikaanguka tarehe kumi na tisa Oktoba, akiwa amerekodi nyimbo kumi na moja. Tatu zilizobaki anamwimbia Nurzat kwa mdomo, Nurzat anaandika. Mbuzi hasikiki popote. Mwanzoni mwa wimbo wa kwanza, kabla ya nyuzi, Apa anasikika akisema: "Sasa kimegeuka."