Mama Mkwe Aliyekutwa na Mguu Mmoja Nje

Obadia Mihayo,
Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Ilembo, Mpanda.
Mei 2020.

Mwenyekiti wa Mtaa,
Ofisini.

Ndugu Mwenyekiti Ignasi,

YAH: KUHESABIWA KWA MAMA MKWE WANGU KUWA MTU WA NYUMBANI KWANGU

Pokea salamu kutoka ndani ya uzio wangu, na pongezi kwa kipaza sauti kipya cha mtaa, ambacho tunakisikia vizuri hata tukijifunika blanketi. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya pazia la chumbani, kwa sababu sebule ina mwenyewe.

Kama unavyojua, mimi ni utingo wa lori la mchele. Tulipotoka Tunduma mpakani, bwana afya alinifuata mpaka hapa, akasimama nje ya uzio na kutangaza kwamba nyumba yangu imefungwa kwa majuma mawili, na kwamba waliokutwa ndani wabaki ndani. Waliokutwa ndani ni mke wangu Scolastica, watoto wetu watatu, na mama yake Scolastica, Bi Dorika. Huyu alikuwa amekuja asubuhi ileile kutoka Mwamkulu kutuletea gunia la unga wa muhogo na karanga, na alikuwa ameshajifunga kanga ya kuondokea. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti. Bwana afya akaamua kwamba mguu wa ndani ndio unaohesabika.

Sina ugomvi na karantini, Ndugu Mwenyekiti. Ugomvi wangu ni na hesabu hiyo ya miguu. Wewe ni Mfipa, sijui kwenu mnafanyaje, lakini kwetu Wanyamwezi mama mkwe haangaliwi usoni. Huli mbele yake. Huongei naye ana kwa ana. Ukimwona njiani unaingia porini umpishe, hata kama pori lenyewe lina siafu. Ndivyo nilivyoishi na Bi Dorika tangu nimuoe binti yake, na tumependana sana kwa utaratibu huo. Sasa serikali imetufungia wote wawili kwenye nyumba yenye mlango mmoja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Korido. Ili mtu atoke sebuleni au chumbani kwenda chooni uani, lazima apite kwenye korido ambayo hata mbuzi wawili hawapishani. Matumbo yetu hayajui desturi. Jumanne nilibaki bafuni nimejaa sabuni, maji yameisha, kwa sababu Bi Dorika alikuwa ameketi uani anachambua maharage. Aliyachambua yote. Kisha, kwa kuwa hana haraka ya kwenda popote, akayarudia.

2. Kikohozi. Desturi ina dawa ya korido: anayetaka kupita anakohoa, na mwingine, popote alipo, anasimama, anageukia ukutani na kusubiri mpaka mwenzake apite. Tukafanya hivyo. Lakini jirani yetu Bibiana, ambaye sikio lake halina kazi nyingine siku hizi, akasikia nyumba iliyofungwa kwa ugonjwa ikikohoa kutwa nzima, tena kwa zamu, sauti ya kike ikifuatwa na ya kiume. Akapiga simu. Bwana afya akaja na wenzake wamevaa makoti na miwani, wakatupima joto wote, na mmoja wao akamtazama jogoo kwa mashaka. Nilipowaeleza kwamba hiki si kikohozi, ni adabu, walinipima joto mara ya pili. Tangu hapo tumepigwa marufuku kukohoa. Tunagonga mifuniko ya sufuria, na mtaa mzima unajua nani anakwenda chooni na mara ngapi.

3. Samaki. Kwa kuwa siwezi kula mbele ya mkwe, sahani yangu inatoka jikoni na kupitia kwa binti yangu Immaculata, kisha kwa Maiko, kisha kwa mdogo wao ambaye kusema hajui lakini kutafuna anajua. Mgebuka anayeondoka jikoni mzima ananifikia akiwa kichwa. Nimekula vichwa mpaka nimeanza kuwatambua kwa sura.

4. Sukari na mkaa. Sukari yote ya nyumba hii imefungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Dorika. Kila mtu anaweza kumwomba isipokuwa mwenye nyumba. Akitaka kunifikishia neno analiambia dirisha: "Humu kuna watu wanakunywa chai kama wana shamba la miwa. Nyie watoto, muige mama yenu." Na mimi nikitaka kujibu naliambia jiko, ambalo halinitetei. Jiko lenyewe analifunika majivu ili mkaa udumu. Anapika uji, maharage na maji ya kuoga kwa moto mmoja, na gunia la mkaa lililokuwa likitutosha wiki moja bado limesimama kona. Jambo hili linanidhalilisha sana, kwani miaka yote nimekuwa nikimwambia Scolastica kwamba mkaa wetu unaibwa na Bibiana.

5. Masomo. Shule zimefungwa, kwa hiyo bibi yao anawafundisha hesabu kwa karanga. Anayepata anakula jibu. Immaculata, ambaye mwalimu wake alishaniita kunipa pole, sasa anagawanya bila kushika vidole. Tatizo ni kwamba elimu hiyo haina pa kwenda zaidi ya kwangu. Wananihesabia vijiko vya sukari. Juzi walipanga karanga mafungu mawili mkekani, fungu la siku ambazo baba alilala nyumbani tangu Krismasi na fungu la siku ambazo bibi alikuja kututembelea. La kwangu lilikuwa dogo. Yule mdogo akalila lote kwa mara moja.

6. Maiko. Hili sikutaka kuliandika, lakini kwa kuwa nimeshafika namba sita acha niliseme. Jana mwanangu Maiko alikuja nyuma ya pazia, akasimama pembeni ya ndoo yangu na kuniuliza kwa heshima zote: "Baba, wewe kwenu unarudi lini?" Nikamwambia kwetu ni hapa. Akaniitikia kama mtu anavyoitikia utingo anayesema gari linaondoka sasa hivi. Liliniuma, Ndugu Mwenyekiti. Nikagonga mfuniko nikaenda chooni ambako sikuwa na shida nako.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, mguu uliokuwa nje ndio uhesabiwe, na mwenye mguu huo asindikizwe na mgambo hadi Mwamkulu. Mgambo wawe wameoa, ili wajue wanachokifanya.

Pili, kama hilo haliwezekani, mtaa unitobolee mlango wa pili ukutani, au unipe barua yenye muhuri inayoniruhusu kumtazama mama mkwe usoni kwa muda wa dharura. Niko tayari kurudisha ruhusa hiyo ugonjwa ukiisha.

Tatu, kama yote hayo yamekushinda, basi msininyime sifa yangu. Kila asubuhi unatangaza kwamba mtu na mtu wakae mbali, na kila asubuhi watu wanabanana bombani kama kawaida. Mimi nimekaa mbali na mwanamke huyu tangu nioe, bila kipaza sauti na bila mgambo. Dawa mnayo na hamuioni. Wekeni mama mkwe mmoja soko la Majengo, mmoja stendi, mmoja kila bomba la maji, na wawili kanisani kwenye foleni ya sadaka. Atakapojitokeza tu, wanaume wote wataingia porini wenyewe. Naomba mlipeleke wazo hili wilayani kwa jina langu. Bi Dorika anaweza kuanza kazi hata kesho, ila kituo chake kisiwe Ilembo.

Nisalimie mama watoto wako, msalimie mjumbe wa nyumba kumi, wasalimie mgambo wote, na ukipita kwa Bibiana lisalimie sikio lake.

Ni mimi niliyejitenga kuliko nilivyoagizwa,

Obadia Mihayo,
Mwenye nyumba, kwa maelezo yangu mwenyewe.

Nyongeza: Nilikuwa sijaikunja barua hii, bwana afya akafika na kusema tuko huru. Bi Dorika hakungoja aambiwe mara mbili. Amejifunga ileile kanga ya kuondokea na kushika kikapu chake. Nikaenda jikoni nikafurahi kidogo peke yangu. Humo nikamkuta Immaculata anachezea karanga, nikamuuliza kwa mzaha, watu sita, samaki wanne, kila mtu alikula ngapi? Akapanga karanga zake akanionyesha: wa baba, wa mama, wa Maiko, na mmoja wa yeye na mdogo wake. Nikamuuliza wa bibi yuko wapi. Akasema bibi alikuwa anasema harufu inamtosha.

Nimefunua gunia la unga. Kilichobaki ni cha leo na kesho, na tajiri wa lori hajapokea simu yangu. Nasikia gari limeshaondoka na utingo mwingine. Sukari nimeikuta imefunguliwa kwenye pindo na kuwekwa yote kwenye bilauri, juu ya kigoda, mbele ya pazia langu. Watoto wameshikilia kikapu cha bibi yao wanalia. Scolastica halii, lakini anaosha sufuria moja tangu bwana afya aondoke.

Kwa hiyo nimetoka nyuma ya pazia, nikasimama kwenye korido, kati ya sebule na mlango. Nimekohoa. Bi Dorika ameshusha kikapu chini na kugeukia ukutani, ananisubiri nipite.

Sijapita. Nayaandika haya nimesimama, karatasi ikiwa ukutani, na kila akigusa kikapu nakohoa tena. Nakohoa kwa nguvu, na Bibiana nimeshamwona dirishani kwake na simu sikioni. Naomba yote niliyoandika hapo juu uyachane. Bwana afya akifika mwambie asitupime sana, aseme tu lile neno lake la siku ya kwanza, maana safari hii miguu yote miwili ya mama iko ndani.