Vita vya Kibwana na Kicheko cha Mama Mkwe

Sogezeni mikeka, enyi kaumu ya Kisarawe, nanyi mliotoka Mlandizi na vumbi miguuni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari ya Kibwana bin Mwishehe haikatizwi. Huyo ndiye simba wa kalamu, mtunzi wa vichekesho vya redio enzi za Mwingereza, aliyewavunja mbavu makarani na madereva, na hakimu mmoja, yasemwa, akaanguka kitini.

Ila ngome moja haikutekwa: Bi Biubwa, mama mkwe wake, mwenye uso wa jiwe la kusagia. Naye alikwishatangaza vita mbele ya binti yake.

"Mwanaamina, kuchekesha watu nako ni kazi? Mwambie mumeo, Ijumaa nitalisikiliza hilo sanduku lake. Nisipocheka, unarudi kwangu, naye akalime mihogo kama wenziwe!"

Ijumaa ikawadia. Redio ikatawazwa juu ya kinu kilichofudikizwa, betri ubavuni kama waziri. Kibwana, kwa kuwa mkwe haketi na mkwe, akapiga kambi nyuma ya ua wa makuti.

Kichekesho kikaanza: mganga wa upara asiyevua kofia hata akioga. Lo! Jirani Mwinyijuma akabiringika. Shangazi Zena akaomba maji. Bi Biubwa? Mashavu yamemvimba, macho yanamtoka, kanga kaiuma kwa meno. Kimya!

"Nimekwisha," akanong'ona shujaa.

Mwanaamina akamjia mbio. "Wewe mwanamume, una akili? Miguu yako inaonekana chini ya makuti! Mama atachekaje mbele ya mkwewe? Ondoka, atapasuka!"

Hapo Kibwana akayahutubia majeshi yake mawili, la kushoto na la kulia: "Enyi miguu yangu, mlionivusha Ruvu ikiwa imefurika, leo fahari yenu ni kutoroka!" Akatimka, kanzu kiunoni, ndara moja ikabaki shahidi uwanjani, akawapita mbuzi, akalipita shamba, na alipofika kisimani akakisikia.

Kicheko! Kama pishi za kunde zimwagikazo juu ya bati. Kuku wakaruka, na watu wa Visiga hadi leo wanashikilia kwamba ile ilikuwa radi.

Bi Biubwa akajipangusa machozi. "Haya, kaa na mumeo. Lakini mwambie, kazi yake aifanyie mbali!"

Mataifa mengine yana majemadari walioiteka miji kwa kuingia. Kisarawe ina jemadari wake, aliyeteka kwa kutoka.