Msumari Wenye Mpira

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwao. Kisa ni kitanda. Bolti za ubavuni zilipotea, nikagongelea misumari. Vyote si chuma? Usiku tukajikuta sakafuni, godoro juu yetu. Eti kitu kinachobeba watu na kutikisika kinataka bolti na nati. Kayasema hayo kaka yake, Shemeji Futi, fundi seremala asiyetembea bila futi mfukoni. Nani alimuuliza?

Nyumba kimya. Nakula nimesimama. Upweke huu utaniua.

Jumanne, 4 Machi
Nafasi! Jiko la mama mkwe linaezekwa upya, na Futi ana kazi mpaka Ijumaa. Nimejitolea. Mama mkwe kanitazama kuanzia viatu hadi utosini, akasema jiko likipita mvua moja bila tone, mwanawe atarudi kwangu. La sivyo nisahau njia ya kwake. Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakucheka, lakini hakununa pia. Dalili njema!

Jumatano, 5 Machi
Nimepata misumari ya bati, yenye kofia pana na kipande cha mpira chini yake. Muuza duka kasema mpira ndio unaozuia maji. Basi, bati lina migongo na mabonde. Ukigonga mgongoni, nyundo inateleza. Bondeni bati limelala juu ya mbao, unagonga mara mbili, kwisha. Nimegonga yote bondeni. Kabla ya adhuhuri nimeshuka! Futi angekuwa bado anapima.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Kumbe maji hupita bondeni! Kila msumari umekuwa bomba. Moto umezimika, na mama mkwe kasimama katikati ya jiko na mwavuli wazi. Heri angenitukana. Nikapanda kuing'oa misumari, matundu yakazidi kupanuka. Nikaziba kwa sabuni ya kufulia. Povu likashuka mpaka kwenye mboga. Nimekwisha. Nimelia chooni kwao, bomba likiwa wazi nisisikike.

Ijumaa, 7 Machi
Futi kaja. Kabadilisha mabati, kagonga misumari migongoni, ambako maji hayatulii. Mvua ikapiga, hakuna tone. Nikachukua viatu vyangu niondoke. Hapo mke wangu akamkumbusha mama yake kwamba ahadi ilihusu jiko, hakuna aliyemtaja fundi.

Anarudi kesho jioni. Sharti lake ni moja tu: kitanda kifungwe kwa bolti.

Jumamosi, 8 Machi
Muuza duka kafunga, kaenda harusini. Bolti hakuna. Kumpigia Futi magoti? Bora nilale chini maisha yangu yote.

Lakini misumari ya bati imebaki, konzi nzima! Nimeigonga yote ubavuni. Nimekitikisa kitanda, hakilii hata kidogo. Kosa la mwanzo sasa nimelielewa. Ile misumari haikuwa na mpira.

Mlango unagongwa. Ni yeye!