Mashine Inayomtaja Baba Mkwe kwa Jina

Mwalimu (Mstaafu) Asajile,
Kata ya Makwale,
Kyela.
19 Aprili 2025

Mkurugenzi,
Kampuni Iliyotengeneza Kompyuta Yangu,
Huko Ng'ambo.

Kupitia kwa: Ndugu Nsajigwa, Mwenyekiti wa Kitongoji (amesoma, amecheka, amegonga mhuri)

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MTAMBO WENU WA KUJITENGENEZA, AMBAO HAUJITENGENEZI

Natumaini barua hii itakukuta una afya, una umeme, na una kompyuta inayowaka. Sisi huku afya tunayo, umeme tunao kwa zamu, na hilo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimewafundisha watoto wa shule ya msingi kuandika barua rasmi kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo usihangaike kunitafutia kosa kwenye muundo. Nitalalamika kwa namba, na kwa heshima yote ninayoweza kuikusanya asubuhi hii ya mvua.

Kompyuta hii niliipata miaka minne iliyopita kutoka kwa mkamwana wangu Jubilate, mke wa mwanangu Aliko. Jubilate ni binti wa kutoka kijiji cha Talatala, amesomea ufundi wa kompyuta, na sasa anatengeneza mashine za watu kwenye duka la Mansuri, yule mfanyabiashara wa Kyela mjini anayechapisha nyaraka na kuuza karatasi. Aliniletea mashine ili niandike kitu kimoja tu: maneno ya mama yangu.

Mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mfinyanzi. Miaka ya mwisho ya uhai wake nilikaa naye nikimwuliza maneno ya kazi yake: jina la udongo unaokubali na jina la udongo unaopasuka, jina la mlio wa chungu kizima ukikigonga kwa kidole na jina la mlio wa chungu chenye ufa. Nikayapanga katika safu tatu, Kikisi, Kinyakyusa na Kiswahili. Yalifika mia nne na kumi na moja. Mama alifariki mwaka juzi. Sauti yake hatukuirekodi, kwa uzembe wetu. Nilibaki na maneno hayo, na niliyaona kuwa ndiyo mama mwenyewe aliyebaki, hadi Jumanne ya tarehe 25 Machi, umeme ulipokatika wakati mashine yenu ikijisasisha bila kuniomba ruhusa. Tangu siku hiyo haijawaka. Sasa nasema:

1. Lugha yenu ni tamu mno kwa kazi mnayofanya. Mashine yangu niliiweka Kiswahili, nayo ikaniandikia kwamba inatayarisha ukarabati wa kiotomatiki, tafadhali subiri. Nilisubiri. Nikanywa chai, nikaenda kutazama kakao yangu, nikarudi, bado inatayarisha. Kisha ikaandika kwamba inachunguza kompyuta. Nikavua kofia. Baada ya hapo ikatangaza, bila hata kusema pole, kwamba imeshindwa kuirekebisha. Ndugu Mkurugenzi, hata mganga wa uongo humwuliza mgonjwa kwanza amekula nini! Neno tafadhali tumelifundisha sisi walimu kwa fimbo na kwa upendo, na halikukusudiwa kumweka mtu mzima kwenye kiti toka saa tatu hadi saa nane.

Baada ya kushindwa, ikanipa kitu kinachoitwa Chaguo za Kina. Mimi nimezaliwa Ikombe, kina nakijua. Kwetu mtu asiyejua kuogelea hapelekwi kwenye kina halafu akaonyeshwa mshale wa kurudi nyuma. Humo ndani nikaulizwa kama nataka kubaki na faili zangu au kuondoa kila kitu. Nikachagua kubaki nazo, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angechagua. Ikajibu kwamba vitu vinavyohitajika kwa kazi hiyo havipo. Huko ni kumwuliza mgeni anataka chai ya maziwa au ya rangi, akishachagua unamwambia sufuria imeibiwa.

2. Mlificha dawa mahali pasipoeleweka. Tangu mwanzo mashine hii ilikuwa na chumba cha pili, chenye herufi D, kimeandikwa Recovery. Nilimpigia Mansuri kumwuliza maana yake, akasema ni kupona, ni kurejea. Basi mtu akikuta chumba kinaitwa Kupona, ataweka nini humo kama si kitu anachokipenda? Nikayahamishia humo maneno ya mama, kama tunavyoweka mbegu ya mpunga juu ya meko ili panya na unyevu visiifikie.

Mwezi Machi mwanzoni chumba hicho kikaonyesha mstari mwekundu na kudai kimejaa. Kimejaa nini? Mimi nimeweka faili moja. Nilipochungulia nikakuta makumi ya vitu vyenye majina kama ya magari, wala sikuvipanda mimi. Usafi mdogo ulifanyika. Mkulima akikuta kisichopandwa katikati ya mpunga, hakiombi kitambulisho. Ikiwa miongoni mwa magugu hayo ndimo mlimoficha dawa ya mashine kujitibu, kosa ni la nani? Dawa huandikwa dawa.

3. Ukarabati wenu haujui ukwe. Kwetu Wanyakyusa, angalau katika nyumba yangu, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hasemezani naye, wala hamtaji jina. Hata neno linalofanana na jina lake hulikwepa. Vijana wengi wameacha, nami siwasemi. Jubilate hajaacha, na hakuna aliyemlazimisha. Jina langu limetokana na neno la kubariki, kwa hiyo kanisani wenzake wakiimba baraka kwa Kinyakyusa, yeye peke yake huimba kwa Kiswahili. Hata Mwenyekiti wetu Nsajigwa, ambaye jina lake ni la shina hilo hilo, Jubilate humwita Mzee wa Mhuri.

Sasa fikiria jinsi tunavyotengeneza mashine yenu. Kila Jumamosi Jubilate anakuja na kukaa nayo jikoni, jiko letu liko nje nyuma ya nyumba. Mimi nakaa sebuleni. Mke wangu Tusekile anabeba maneno kutoka jikoni kuja sebuleni na kurudi, akiwa na kazi zake nyingine. Jumamosi ya kwanza alikuja kuniambia kwamba Jubilate anasema buti imeharibika. Nikatoa mabuti yangu ya shamba, nikayaosha, nikayapeleka mpaka mlangoni. Yalirudishwa kwa heshima kubwa, na ujumbe kwamba buti inayosemwa ni ile hatua ya mashine kuamka. Mngeiita kuamka tangu mwanzo, mabuti yangu yasingedhalilika.

4. Hapa ndipo palipotufunga. Ili ukarabati uendelee, mashine inadai neno la siri la mwenye mali. Neno langu la siri ni jina langu na mwaka wangu wa kuzaliwa. Usicheke, Mwenyekiti ameshacheka kwa niaba yenu. Jubilate hawezi kulitamka. Kuliandika ni kulitamka kwa vidole, na yeye mwenyewe ametuma ujumbe kwamba vidole vyake havitaki. Mimi siwezi kwenda jikoni nikakaa naye bega kwa bega. Nilifikiri atoke nje wakati mimi naingia, lakini mashine yenu ikiachwa dakika moja inazimika na kuanza upya kutayarisha, maana betri imekufa na waya siku hizi unashikiliwa kwa mkono. Kulibadilisha neno haiwezekani mpaka mashine ifunguke. Kuifungua haiwezekani bila neno. Wiki tatu sasa.

Nilijaribu kulitafsiri. Nilimtuma Tusekile akaseme neno lenyewe ni "Amebariki", Jubilate aandike hivyo. Mashine ikakataa. Kwa hiyo mashine yenu inajua Kiswahili cha kuniambia nisubiri, lakini cha kunisikiliza haijui.

5. Kitufe cha F11 hakifanyi kitu. Tumekibonyeza sana.

6. Nimeacha zito kwa mwisho. Jubilate alipoleta mashine hii, aliileta kama mtu wa nyumbani kwake. Kitu kilichoingia nyumbani kwangu kwa njia ya mkamwana, kikalala kwangu, kikala umeme wangu, kipo upande wa mkamwana, na kina miiko ile ile. Wazee wawili niliowauliza wamekubaliana nami, mmoja wao hakuwa amelala. Sasa, kila asubuhi kwa miaka minne, mashine hii imekuwa ikifunguka na kuniandikia usoni, kwa herufi kubwa kama kichwa cha habari: KARIBU ASAJILE.

Kwa jina! Mbele ya mke wangu! Binti wa watu anajinyima neno la baraka mpaka kanisani, na mashine yenu isiyozaliwa inanitaja kabla sijanawa uso. Naona sasa kwamba haikuharibika kwa umeme. Imeharibika kwa kuvunja mwiko, na ndiyo maana ukarabati wenu, wa kiotomatiki au wa kina, haukusaidia wala hautasaidia.

Kwa hiyo naomba, nikiwa na akili timamu: kila mnapoandika subiri, mwandike mpaka saa ngapi. Katika Chaguo za Kina muongeze swali la kumwuliza anayetengeneza kama ni mkamwana wa mwenye mali, na akijibu ndiyo, mashine imwite mwenye mali Baba Aliko na iache kudai neno la siri. Mmtume mtu wenu hapa Makwale, asiwe mkwe wa yeyote katika kata hii, na aje na mabuti yake. Tena asije mikono mitupu. Mwiko uliovunjwa hausafishwi kwa barua pepe. Aje na ng'ombe mmoja, jike, aliyezaa angalau mara moja. Akishafungwa zizini, mashine itawaka, na maneno ya mama yangu yatarudi kwangu.

Nikisubiri majibu yako kwa uvumilivu ambao ninyi wenyewe mmenifundisha, naomba uniwasilishie salamu kwa wafanyakazi wote wa kampuni, kwa anayefagia ofisi, kwa aliyebuni rangi ile ya bluu inayojaa kwenye kioo ukarabati ukishindwa, na kwa namna ya pekee kwa yule aliyeandika tafadhali. Tusekile anawasalimu. Mwenyekiti anawasalimu. Mansuri anawasalimu na anasema karatasi ipo.

Wako katika kusubiri,
Mwl. Asajile

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Tusekile aliniuliza naandika nini tangu asubuhi. Nikamsomea namba nne. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda jikoni ambako Jubilate alikuwa ameshika waya, na akaliandika neno la siri kwa kidole kimoja. Jina hilo amelitaja kwa miaka arobaini na moja, mara nyingi kwa ukali, na mashine ikamtii mara moja kama ninavyomtii mimi. Hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria hilo, hata Mwenyekiti na mhuri wake.

Mashine ikafunguka. Chumba cha D kikakutwa kitupu. Ndugu Mkurugenzi, katika namba mbili sikusema kweli yote. Siku ile ya usafi sikung'oa gugu moja moja. Nilichoka, nikabonyeza kuchagua vyote, nikafuta vyote. Maneno ya mama yalikuwa humo. Niliyang'oa mimi, kwa mkono wangu, wiki mbili kabla ya umeme kukatika, kisha nikaja kuwatukana ninyi. Nililia, na sioni haya kukuandikia.

Jubilate alikuwa amelihisi hilo tangu Jumamosi ya kwanza, mashine iliposema vitu havipo. Hakuniambia. Alikwenda dukani kwa Mansuri akafukua karatasi nilizochapisha mwaka jana nikazikataa kwa sababu pambizo zilikaa upande, ambazo Mansuri alizitunza afungie bidhaa. Kwa wiki tatu, wateja wakipungua, alikuwa akiyaandika upya. Leo Tusekile ameniletea bahasha kutoka kwa Jubilate. Nimehesabu, ni mia nne na kumi na moja. Nimelikuta jina la mlio wa chungu kizima, na nimelikuta la chungu chenye ufa.

Pengo ni moja tu. Mstari wa mia mbili themanini na nane, neno la kubariki: Kikisi kipo, Kiswahili kipo, safu ya Kinyakyusa ina nukta tupu. Alikuwa na neno hilo mbele yake kwenye karatasi, peke yake dukani, hakuna ambaye angemwona. Akaniachia nafasi.

Nimelijaza kwa kalamu hii hii. Kisha nikaenda nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko nikasema ndaga fijo, yaani asante sana, kwa sauti yangu mwenyewe, neno la kwanza kumfikia bila kubebwa na Tusekile. Akaitika.

Kwa hiyo ng'ombe usimlete. Nimemtoa mimi, maana mwiko wa kusemezana nimeuvunja mimi; kesho Aliko anamswaga kumpelekea mkewe. Hayo mengine yote niliyoandika uyafute, lakini lile la kusubiri mpaka saa ngapi nalisimamia.