Paswadi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimekatizwa pabaya! Donya Ramira ametia saini talaka, Fabiani yuko mlangoni na mvua inamnyeshea, mara simu ikaniandikia kwamba akaunti inatumika kwenye kifaa kingine. Kifaa kingine! Ninakijua. Ni televisheni ya mama mkwe wangu kule Kianjokoma. Na akaunti ni yake.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine siwezi. Shemeji yangu Gatwiri, aliyeko Kanada, alimtumia mama yake televisheni kubwa na kumlipia huduma ya filamu za mtandaoni, ili asikae akitazama ukuta tangu mzee atutoke. Mimi ndiye niliyeiunganisha. Mimi ndiye niliyechagua paswadi. Miezi minne sasa natazama kwa simu, katika stoo ya kituo cha majani chai hapa Kibugu ninapofanya ukarani. Nyuma ya magunia. Sikio moja kwa Fabiani, jingine kwa wakulima wasije wakanikuta.

Ruhusa sikuomba. Ningeombaje? Kwetu Embu kuna nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe. Miaka kumi na miwili ya ndoa sijatafuna chakula mbele ya huyu mama. Chai yake huinywa nimegeukia dirisha. Nianze kumwomba kibali cha kutazama watu wakikumbatiana?

Isitoshe, mimi ni katibu wa Wanaume wa Kanisa. Mwezi wa kumi na moja nilifundisha somo: "Filamu za Mapenzi ni Mchwa wa Boma." Watu wakasema amina. Shemasi Nyamu, kaka yake mke wangu Rwamba, akasema amina mara mbili, kwa sauti ya kuniudhi.

Suluhisho ni ratiba. Mama hutazama mahubiri kwa akaunti hiyohiyo saa nane mpaka saa tisa. Mimi nitashika saa tisa mpaka kumi na moja, kabla lori la majani halijafika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni nyingi.

Jumanne, 4 Februari

Saa tisa ilipita, Mama bado yuko kwenye mahubiri. Saa tisa na robo, bado! Mhubiri gani huyo asiyechoka? Nikashindwa kuvumilia. Nilibonyeza, nikabonyeza tena, mpaka yeye ndiye aliyetolewa nje na mimi nikaingia.

Dakika mbili, simu ikalia. Mama. Nilisimama kabla ya kuipokea. Kwa ule upole wake unaoniumiza akasema TV imeugua tena, na kama Baba Karwirwa atapata nafasi, aje aiangalie. Baba Karwirwa ni mimi. Nikamwambia ni mawingu ya mlimani, yanasumbua mtandao. Akasema kumbe! Akamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe anayejua hayo mambo.

Nilimaliza episodi. Sikuifurahia. Niliifurahia kidogo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda Kianjokoma kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Kisanduku cha waifai kiko chumbani kwa Mama, na mkwe haingii chumba hicho hata nyumba ikishika moto. Basi nikasimama nje chini ya dirisha, katikati ya migomba, nikipaza sauti. Zima, Mama! Hesabu mpaka kumi! Washa! Majirani wawili wakasimama kwenye ua kumtazama mhandisi. Swichi iko nyuma ya kitanda, chini kabisa. Kila nikisema zima, mama wa miaka sabini na moja anapiga magoti. Nilisikia magoti yenyewe yakilia. Ningeweza kusema imetosha.

Nikasema: mara moja tena, Mama, ya mwisho.

Nilipoingia sebuleni kuthibitisha, nikaona jambo. Skrini imeandika "Endelea kutazama" na chini yake ni Donya Ramira mzimamzima, mabega wazi, na mstari mwekundu unaoonyesha dakika niliyoachia jana. Mama alikuwa kando akifuta rimoti kwa kanga. Huenda haoni vizuri.

Alinipa kuku kwa shukrani. Nimembeba kwapani mpaka nyumbani na njia nzima alikuwa akinitazama.

Jumamosi, 8 Februari

Balaa! Nyamu alikwenda kumsalimia mama yake, akawasha TV, akakutana na Donya Ramira. Episodi ya sitini na tatu. Akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp pamoja na mstari wa Biblia.

Rwamba amelia. Anasema mama yao ndiye mwenyekiti wa akina mama wa maombi, watu watasemaje? Baadaye akasema labda ni upweke. Nikakubali kwamba upweke ni ugonjwa mbaya. Akaniuliza mimi mwenye ujuzi, kitu kama hicho kimefikaje pale? Nikasema mitambo ya siku hizi wakati mwingine hujitazamia yenyewe.

Nyamu ameitisha kikao kesho baada ya ibada. Anataka TV iondolewe. Mpango wangu: nifute historia yote leo, kesho akiwasha akute mahubiri matupu. Nimejifungia chooni na simu. Kwa haraka, na kwa kidole kilicholowa jasho, nimebonyeza pa kusifia badala ya pa kufuta. Sasa Mama ameipenda rasmi! Mtambo ukafurahi, ukampendekezea nyingine kumi na mbili za aina hiyohiyo. Mojawapo jalada lake siwezi hata kulieleza hapa.

Jumapili, 9 Februari

Niandike polepole.

Tulikaa sebuleni kwa Mama. Nyamu alifungua kwa maombi marefu, akapitia Sodoma. Kisha akawasha TV ili tujionee. Zile kumi na mbili zikatokea. Rwamba akafunika uso. Nyamu akasema, "Mama, hatukujaji. Lakini hii kitu itakaa kwangu kwanza mpaka tuiombee." Halafu akamwuliza mbele yetu sote, ni wewe umekuwa ukitazama hizi?

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Mama akanitazama. Yeye huwa hanitazami usoni, wala mimi simtazami, ndiyo adabu. Leo alinitazama, mara moja tu, akashusha macho. Akasema, "Ni mimi. Nikikaa hapa peke yangu mchana kutwa, nitatazama nini kingine?"

Anajua! Nikaufunga mdomo.

Hapo ningekufa na ingekuwa afadhali, lakini Nyamu akaniomba, kama katibu, nimsomee Mama yale mafundisho ya mwezi wa kumi na moja. Ninayo kwenye Biblia yangu siku zote. Nikasoma. Mchwa wa boma, ukurasa mzima, mbele ya mama aliyetoka kunifunika nguo. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

TV ilikuwa nzito. Nyamu alishika upande mmoja, nani alishika wa pili? Mimi. Tukaibeba hadi kwenye pikapu ikiwa imefunikwa na kile kitambaa cheupe alichokifuma Mama mwenyewe. Yeye alitushikilia mlango usitugonge. Nilipogeuka nikaona juu ya kabati pamebaki vumbi lenye umbo la TV, na Mama ameshaketi kwenye kiti chake, ameuelekea ukuta.

Jumanne, 11 Februari

Nimeamua kukiri. Mtu mzima hukosea, mtu mzima hukiri, basi! Nimetoka kazini saa sita nikashuka Kianjokoma kwa miguu, maneno nimeyapanga vizuri. Nikafika mpaka kwenye duka la pembejeo lililo karibu na lango la Mama. Nikanunua chumvi ya ng'ombe. Nikarudi.

Saa kumi, stoo. Nikajaribu akaunti, kwa kutaka tu kujua kama bado iko hai. Inatumika kwenye kifaa kingine! Kifaa gani? TV iko kwa Nyamu! Nikakaa juu ya gunia nikingoja. Alipotoka nikaingia kuangalia: episodi ya sitini na nne imekwisha, ya sitini na tano imekwisha, ya sitini na sita iko katikati. Shemasi Nyamu! Kwa bando lake mwenyewe! Na ananipita!

Nimeruka mpaka magunia yakaanguka. Nimempata! Kisha nikaketi tena. Nikimtaja, wataniuliza nilijuaje.

Alhamisi, 13 Februari

Huu ndio mpango bora niliowahi kubuni.

Asubuhi nilimkumbusha Rwamba kwamba kile kitambaa cha mama yake kilikwenda na TV, na kwamba mjane hanyang'anywi vyote. Nikamshauri ampeleke Mama wakakichukue kwa Nyamu. Saa kumi jioni. Isiwe kabla, isiwe baada. Akauliza kwa nini saa kumi. Nikasema jua litakuwa limepungua.

Ripoti ya Rwamba, neno kwa neno nikikumbuka: walibisha hodi, hakuna jibu, wakaingia. Nyamu alikuwa kwenye kochi, leso mkononi, akililia harusi ya Donya Ramira. Aliporuka kusimama akasema alikuwa anamchunguza adui. Mama hakumgombeza. Alichukua kitambaa chake, akakikunja, akaketi, akatazama naye hiyo harusi mpaka mwisho. Kisha akamwambia arudishe TV kabla jua halijazama. Nyamu ameirudisha akiwa amevaa kofia imefunika macho.

Tumecheka! Rwamba alicheka mpaka akakohoa. Nilijisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. TV imerudi, adui ameaibika, na mimi sijatajwa.

Kisha Rwamba akaacha kucheka. Akasema kuna jambo la ajabu. Njiani kurudi, mama yake alimwuliza yule mwenye masharubu ni nani, na kwa nini bibi harusi anamwogopa. Kumbe ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona ile filamu. Sasa, akasema Rwamba, kama si Mama, hizo episodi sitini na tatu zilitazamwa na nani?

Nimetoka nje kumwangalia kuku. Nimemwangalia kwa muda mrefu sana.

Jumamosi, 15 Februari

Mama ameniita asubuhi nikaunganishe upya. Nimekwenda na sukari kilo mbili, na toba nimeiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto nisije nikasahau.

Alinisalimia akiwa ameangalia chini, kama siku zote. Rimoti aliiweka juu ya kiti ili niichukue mwenyewe. Akasema Gatwiri amemfundisha kwa simu jinsi ya kubadilisha paswadi na kuongeza majina, si kazi ngumu. Paswadi mpya ni jina la Karwirwa na mwaka niliomletea mbuzi wa mahari. Ameniambia tu hivyo, akitazama ukutani. Halafu akaingia jikoni, akafunga mlango, na akaanza kugonganisha sufuria ili nijue kwamba hasikii kinachoendelea huku.

Nikawasha. Majina mawili. MAMA. Na kando yake, BABA KARWIRWA, na kiuso cha manjano kinachocheka.

Amenifungulia mlango wangu. Ya kwangu yakae kwangu, ya kwake kwake, na asibebe tena lawama ya mtu. Hata kuniaibisha hakutaka. Amenisema bila kunisema. Machozi yakanitoka palepale, mtu mzima na rimoti mkononi. Nilijiambia: nenda kwenye mlango wa jikoni. Maneno mawili tu. Nikaenda. Nikasimama. Nikasoma kiganja changu. Nikakohoa.

Sufuria zikaongezeka kelele. Nikaaga kupitia dirishani, nikaondoka. Nyumbani nimenawa mikono kwa sabuni.

Lakini nimebadilika. Naandika hapa na tarehe naiweka: sitamtia tena yule mama aibuni.

Saa kumi, stoo. Episodi ya sitini na saba. Fabiani amerudi na wakili. Simu ikaniuliza ni nani anayetazama. Kidole kikakaa juu ya jina langu. Nikafikiri kidogo. Rwamba naye amepewa hiyo paswadi. Nyamu anatafuta pa kulipiza. Na mwezi wa tatu tunachagua wazee wa kanisa, jina langu limeshapendekezwa.

Nikabonyeza MAMA.